KAMUKUNJI: JIMBO LA MJINI NA KURA ZAKE

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia na Uraia

Keti vizuri, weka kijitabu chako mbele yako, na mwalimu aandike ubaoni neno moja: KURA. Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya jimbo moja la uchaguzi katika mji wa Nairobi, nalo ni Kamukunji. Siku hizi nchini Kenya watu husema pia "eneo bunge". Maana ni ileile: ni sehemu ya nchi ambayo wakazi wake humchagua mtu mmoja kwenda kuwasemea Bungeni.

Pengine utauliza, "Mimi sikai Nairobi, Kamukunji yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Katika jimbo hili dogo utaona jinsi kura ilivyotolewa kwa wachache, ikapewa wote, ikapunguzwa nguvu, kisha ikarudishiwa nguvu zake. Tena utaona kwamba wakati mmoja sheria ilimuuliza mtu kama amesoma kabla ya kumkubali apige kura. Jambo hilo lamhusu kila mtu aliyeketi darasani leo.

MAHALI PENYEWE

Kwanza tupajue mahali. Kamukunji iko upande wa mashariki wa katikati ya mji. Ndani yake kuna wadi tano: Pumwani, Eastleigh Kaskazini, Eastleigh Kusini, Airbase na California. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 10 tu, na hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilikuta wakazi 268,276. Kwa hiyo ni mahali padogo penye watu wengi sana.

Mtaa wa zamani ni Pumwani, pamoja na sehemu yake iitwayo Majengo. Serikali ya kikoloni iliupima mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika waliokuwa katika vijiji mbalimbali vya mjini wahamishiwe huko. Watu walijijengea nyumba za vyumba vingi kwa mtindo wa pwani, mwenyewe akikaa chumba kimoja na vingine akipangisha. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilipobomolewa, wakazi wake walipelekwa Shauri Moyo, jirani na Pumwani. Eastleigh nayo ilikaliwa kwanza na Wahindi wengi, na Wasomali pia walikuwako tangu zamani. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka wa 1991, wakimbizi wengi walifika, biashara ikakua, na nyumba za kulala wageni zikageuzwa kuwa maduka makubwa.

Humo humo utakuta soko la Gikomba, ambako nguo za mitumba hufunguliwa alfajiri. Utasikia pia nyundo za mafundi wa jua kali, watengenezao sufuria, masanduku ya bati, karai na majiko. Mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi hao, na baadaye wakajengewa mabanda ya kuwakinga na jua.

Hebu fikiri kidogo. Watu wa jimbo hili ni wapangaji, wachuuzi, mafundi na wageni waliokuja mjini kutafuta riziki. Wengi hawana shamba hapo wala nyumba. Je, watu wa namna hiyo wana haki ya kuchagua? Hilo ndilo swali ambalo historia ya Kamukunji imekuwa ikilijibu kwa zaidi ya miaka sitini.

Jambo moja zaidi kabla hatujaingia katika uchaguzi. Jimbo limepewa jina la uwanja wa wazi ulioko karibu na Shauri Moyo na Gikomba. Watu wa mjini waliuzoea uwanja huo kwa mikutano, hata neno lenyewe likaingia katika Kiswahili cha Kenya. Wabunge wakikutana pembeni kushauriana bila taratibu za Bunge, mkutano wao huitwa "kamukunji".

KURA YA KUPIMWA KWA MIZANI

Sasa twende mwaka wa 1957. Mwezi wa Machi mwaka huo Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima, na kimoja kilikuwa cha Nairobi.

Lakini si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Sheria iliweka masharti. Mtu aweza kuandikishwa ikiwa amemaliza shule ya kati, au anapata pauni 120 kwa mwaka, yaani shilingi 2,400, au ana mali ya thamani ya pauni 500, au ametumikia serikali au jeshi muda mrefu, na masharti mengine ya namna hiyo. Tena, mwenye kutimiza masharti mengi alipewa kura zaidi ya moja, mpaka kufikia kura tatu.

Tuchukue mfano. Weka mbele yako watu watatu wa Pumwani. Wa kwanza ni seremala hodari. Hakwenda shule, na mapato yake ni madogo. Wa pili ni karani aliyemaliza shule ya kati. Wa tatu ana elimu ya juu, mshahara mzuri na nishani ya serikali. Wote watatu hulipa kodi na hunywa maji ya mfereji mmoja. Lakini siku ya uchaguzi seremala hana kura, karani anayo moja, na yule wa tatu anazo tatu. Sheria ilisema hivyo.

Palikuwa na kizuizi kingine. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari tangu mwaka wa 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Aprili 1954 serikali ilifanya msako mkubwa mjini Nairobi, ikawakamata na kuwaondoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wale waliobaki hawakuweza kuandikishwa kupiga kura bila hati ya kuonyesha kwamba ni watiifu kwa serikali.

Katika uchaguzi huo wa Nairobi walishindana Bwana Clement Argwings-Kodhek, mwanasheria, na Bwana Tom Mboya, kijana wa miaka 26 tu. Mboya aliwahi kuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kisha akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Akashinda kwa kura mia kadhaa tu.

(Mwalimu: simama hapa. Waulize wanafunzi: kama masharti ya mwaka wa 1957 yangetumika leo, ni wangapi katika darasa hili wangekuwa na kura?)

KUTOKA KUSOMA MPAKA KUWA MTU MZIMA TU

Mwaka wa 1960 hali ya hatari ilikwisha, na mkutano wa katiba ulifanyika London. Masharti yakalegezwa. Katika uchaguzi wa mwanzo wa mwaka wa 1961 mtu aliweza kupiga kura ikiwa anajua kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe, au ametimiza miaka 40, au anashika kazi fulani, au anapata pauni 75 kwa mwaka. Na kila mtu kura moja.

Angalia jambo hilo vizuri. Kijana wa miaka 25 aliyejua kusoma aliweza kuandikishwa, na mwenzake wa umri uleule asiyejua kusoma, tena mwenye mapato madogo, hakuweza. Kusoma kulikuwa ufunguo wa mlango wa kura.

Mitaa ya mashariki ya Nairobi sasa ilikuwa katika jimbo la Nairobi Mashariki. Bwana Mboya aligombea tena, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Dakta Munyua Waiyaki. Wakikuyu walikuwa wamerudi mjini kwa wingi. Mboya alikuwa Mjaluo, na Dakta Waiyaki alikuwa Mkikuyu. Waliodhani kwamba kila mtu atafuata kabila lake walikosea. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000, na mpinzani wake hakufika 3,000. Watu wa mitaa ile walimjua kwa kazi yake katika vyama vya wafanyakazi, wakamchagua kwa hiyo.

Kisha ukaja uchaguzi wa Mei 1963, na sasa masharti ya shule, mshahara na mali yaliondolewa. Aliyekuwa mtu mzima aliweza kupiga kura, mwanamume kwa mwanamke. Yule seremala wetu wa Pumwani, mwenye sifuri mwaka wa 1957, sasa alikuwa na kura moja, na yule mwenye kura tatu naye alibakiwa na moja. Kwa sababu wapiga kura wengi hawakujua kusoma, vyama vilitambulishwa kwa picha. Watu waliijua KANU kwa jogoo wake. Bwana Mboya alichaguliwa kuwa mbunge wa Nairobi ya Kati, jimbo ambalo baadaye lilikuja kuitwa Kamukunji. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huohuo.

CHAMA KIMOJA

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Bwana Mboya, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, aliuawa kwa risasi katikati ya mji, barabara iliyoitwa Government Road na ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Nchi ilitikisika kwa majonzi na ghasia. Mwezi wa Oktoba chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku, na uchaguzi wa Desemba 1969 ukafanyika kwa wagombea wa KANU peke yao.

Hapo Bwana Maina Wanjigi akawa mbunge wa Kamukunji. Msidhani kwamba kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, kura haikuwa na nguvu hata kidogo. Watu hawakuweza kuchagua chama, lakini waliweza kuchagua mtu. Mwaka wa 1974 Bwana Wanjigi alirudishwa. Mwaka wa 1979 wapiga kura walimwondoa, wakamchagua Bwana Nicholas Gor. Mwaka wa 1983 wakamrudisha tena Bwana Wanjigi. Kwa hiyo mbunge alijua kwamba asipowaangalia wapangaji wa Majengo na wachuuzi wa Gikomba, kiti chake kina mguu mmoja mbovu.

Lakini mwaka wa 1988 KANU ilileta njia nyingine ya kuteua wagombea wake, iliyoitwa "mlolongo". Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wanachama walipanga mstari nyuma ya mgombea wamtakaye au mtu aliyemwakilisha, na msimamizi akahesabu vichwa. Mgombea aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa mbunge moja kwa moja, bila uchaguzi wa siri kufuata.

Ndugu zangu, fikirini maana ya mlolongo katika jimbo la wapangaji. Mpangaji amesimama mstarini, na mwenye nyumba anamtazama. Mchuuzi amesimama, na mtoza ushuru wa soko anamtazama. Fundi amesimama, na yule anayempa kazi yuko mstari wa pili. Mtu wa namna hiyo atachagua kwa moyo wake, au kwa hofu ya kesho? Tena, hesabu ya vichwa ikishakwisha na watu wakatawanyika, hakuna karatasi ya kuhesabu upya. Sehemu nyingi za nchi watu walilalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Ndiyo sababu twasema kwamba kura isiyo ya siri ni nusu ya kura.

MWAKA WA 1990

Sasa tufike mwaka wa 1990, mwaka ambao jina la Kamukunji lilisikika nchi nzima.

Mwezi wa Mei askari wa jiji walibomoa vibanda vya Muoroto, mtaa wa watu maskini. Watu walipigana nao wakitetea makazi yao. Bwana Wanjigi, aliyekuwa waziri, alisema hadharani kwamba jambo lililofanywa si haki. Kwa kusema hivyo akapoteza uwaziri. Hapa pana somo kubwa la uraia: mbunge ambaye pia ni waziri hutumikia mabwana wawili, serikali iliyompa kazi na watu waliompa kura. Siku wawili hao wakigombana, ndipo mtu hujulikana yuko upande gani.

Mwezi huohuo Bwana Kenneth Matiba na Bwana Charles Rubia, waliokuwa mawaziri hapo awali, walidai vyama vingi virudishwe. Wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai. Tarehe 4 Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Hata hivyo, siku ilipofika watu walikwenda uwanjani. Polisi wakawatawanya, na ghasia zikaenea Nairobi na miji mingine kwa siku kadhaa. Watu wakauawa, na mamia wakakamatwa. Siku hiyo, tarehe saba ya mwezi wa saba, huitwa Saba Saba nchini Kenya mpaka leo.

Mwaka uliofuata viongozi sita walianzisha umoja ulioitwa FORD, mmoja wao akiwa Bwana George Nthenge. Novemba 1991 wakaitisha tena mkutano Kamukunji, nao pia ukazuiwa. Lakini Desemba 1991 sheria iliyoruhusu chama kimoja tu ilifutwa. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, watu wa Kamukunji walimchagua huyohuyo Bwana Nthenge kwa tiketi ya FORD-Asili. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, jimbo hili lilikuwa na mbunge asiye wa KANU. Mwaka wa 1997 alichaguliwa Bwana Norman Nyagah wa chama cha DP, na mwaka wa 2002 akarudi kwa tiketi ya muungano wa NARC.

KUHESABU NI SEHEMU YA KUPIGA KURA

Je, baada ya vyama vingi kurudi, shida zilikwisha? Hapana. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya kura za Kamukunji. Bwana Simon Mbugua alishika kiti, lakini mpinzani wake alikwenda mahakamani, na hatimaye mahakama ikaubatilisha uchaguzi huo. Uchaguzi mdogo ulifanyika mwaka wa 2011, na Bwana Yusuf Hassan akashinda.

Desemba 2012 Bwana Hassan alirushiwa guruneti huko Eastleigh. Watu kadhaa walikufa, naye akaumia vibaya miguuni. Mwaka wa 2013 watu walimchagua tena, kisha 2017, kisha 2022. Jimbo ambalo mwaka wa 1961 lilimchagua Mjaluo, na baadaye Wakikuyu na Mkamba, sasa lilimchagua Msomali. Mitaa ya wageni ina mengi ya kutufundisha.

Lakini turudi kwenye kesi ile. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu mpaka ubishi wa mwaka wa 2007 kumalizika. Muda huo wote watu wa Kamukunji hawakuwa na hakika kama aliyeketi Bungeni ndiye waliyemchagua. Kwa hiyo kupiga kura peke yake hakutoshi. Hesabu nayo yataka macho.

Hapa ndipo darasa lako lina kazi. Leo nchini Kenya hakuna mtu anayenyimwa kura kwa sababu hajui kusoma. Akiwa raia wa miaka 18 au zaidi na ameandikishwa, ana kura moja sawa na mwalimu wa chuo kikuu. Asiyeweza kusoma ana haki ya kuja na mtu anayemwamini ili amsaidie. Asipokuwa na mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa wagombea. Hiyo ni haki, wala hakuna aibu ndani yake.

Hata hivyo, anayesoma huona zaidi. Husoma jina lake katika daftari la wapiga kura mapema, na likikosewa hudai lirekebishwe. Huweka alama yake peke yake, na siri hubaki yake. Tena, kura zikishahesabiwa kituoni, matokeo ya ubunge huandikwa katika fomu iitwayo 35A, na nakala yake hubandikwa mlangoni mwa kituo. Ni majina na tarakimu tu. Aliyejifunza kusoma majina na kujumlisha tarakimu aweza kusimama mlangoni pale, akanakili matokeo, kisha akayalinganisha na yale yanayotangazwa.

Mwaka wa 1957 kusoma kulikuwa kizuizi kilichowekwa na watawala mlangoni pa kura. Leo mlango uko wazi, na kusoma kumekuwa taa mkononi mwako. Waweza kuingia bila taa, lakini mwenye taa hasomewi uongo.

MANENO YA KUANDIKA
Kura. Jimbo. Mgombea. Daftari. Siri. Mlolongo. Wakala. Matokeo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Mwaka wa 1957, kwa nini seremala wa mfano wetu hakuwa na kura? Je, sababu ile ilikuwa ya haki?
2. Mlolongo ulimdhuru nani zaidi, mwenye nyumba au mpangaji? Eleza.
3. Mbunge akiwa waziri, na serikali ikabomoa nyumba za watu wake, afanye nini?
4. Andika majina ya wagombea watatu wa kubuni na kura walizopata katika vituo vitatu. Jumlisha. Mpe mwenzako akague hesabu yako.

Hapo ndipo somo letu linapofikia mwisho. Mwalimu aongoze mazungumzo, na kila mmoja aseme, hata aliyezoea kunyamaza. Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.